Tulikwenda Rabai: Kijiji Kinachojua Habari Zake

(Maneno haya yalisemwa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha kujisaidia cha Airport, Changamwe, mbele ya mkutano wa vikundi vya jirani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine navyo vifaidike.)



Nimeambiwa nisimame niwaeleze habari za safari yetu ya Rabai. Kabla sijaanza nataka kukiri jambo moja. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kuipinga safari hii. Vijana walipoileta kwenye mkutano, niliwauliza, "Hivi mwataka tutoe pesa za sanduku tukatazame nyumba kuukuu?" Si mwajua kazi ya mweka hazina ni kusema hapana. Na sisi tulikuwa tumepanga kununua viti na turubai za kukodisha kwenye harusi na matanga. Viti vinaleta pesa. Safari inaleta nini? Inaleta vumbi.

Tulibishana mikutano miwili. Mwishowe mzee mmoja wa kikundi akasema neno lililotunyamazisha. Akasema, "Sisi tunaishi hapa Airport. Kila siku twaona wageni wanashuka kwenye ndege, wanatoka nchi za mbali kuja kutazama kwetu. Na sisi wenyewe hatujapata kutazama kwetu. Je, mgeni akikuuliza njiani, utamwambia nini?"

Basi tukakubaliana. Kila mtu atoe nusu ya gharama mfukoni mwake, na sanduku litoe nusu. Tukawa watu 28, tukakodi matatu moja, tukaenda. Leo nitawaambia tulichokiona, na tulichorudi nacho, ili kila kikundi kipime chenyewe kama yafaa au haifai.

NJIA YENYEWE

Rabai si mbali. Watoka hapa Airport, wapita Magongo, washika barabara kuu ya Nairobi, wapita Miritini, wafika Mazeras. Pale Mazeras waiacha barabara kuu, wakata kulia kufuata njia ya Kaloleni. Hapo ndipo mambo yanapoanza kubadilika. Malori yanaisha, minazi inaanza. Nchi inapanda polepole, na upepo unakuwa mwingine. Wengi wetu tumeishi Changamwe miaka ishirini, thelathini, na hatukujua kwamba mwendo mfupi namna ile wakufikisha mahali pa utulivu namna ile.

Tuliposimama pale mlimani tukatazama nyuma, tuliona chini kabisa mkono wa bahari unaoingia bara. Mwenyeji wetu akatuambia kwamba zamani, kabla ya barabara na kabla ya reli, hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Mtu alitoka kisiwani Mombasa kwa mashua, akaufuata mkono huo wa bahari kupita Jomvu, akashuka mwisho wa maji, akapanda mlima kwa miguu.

Na ndivyo walivyokuja wale wageni ambao habari zao ziko kwenye vitabu vyote vya shule.

WALIOKUJA, NA WALIOWAPOKEA

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf, akiwa ametumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, CMS. Alikuwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja ya kumruhusu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosine, akafa kwa homa, pamoja na mtoto wao mchanga. Kaburi lao liko upande wa bara, Nyali, na mpaka leo watu huenda kulitazama. Miaka miwili baadaye akaja mwenzake, Johannes Rebmann. Mwezi wa Agosti mwaka 1846 wote wawili, wakiwa na homa, wakapanda mlima wa Rabai kwenda kukaa.

Hayo tuliyasoma shuleni. Tukasoma pia kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849 kutoka Ukambani, na wazungu wa kwao wakakataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Lakini shuleni hatukuambiwa jambo moja, na hili ndilo nililopenda kuliko yote.

Rabai haikuanza siku wageni walipofika. Palikuwa na mji, na mji ulikuwa na wenyewe. Warabai ni mmoja wa miji tisa ya Wamijikenda, pamoja na Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Wachonyi, Wajibana, Wakauma, Wakambe na Waribe. Walikuwa na kaya yao, yaani mji wao uliozungukwa na msitu, nao ukiitwa Mudzi Muvya, maana yake mji mpya. Ndiyo sababu wale wageni waliandika katika vitabu vyao "Rabai Mpya". Wazee wa kaya ndio waliokaa wakashauriana, wakakubali wageni wakae. Bila neno la wazee wale hakuna nyumba ambayo ingesimama.

Na hata baada ya kukubaliwa, wale wageni walikuwa kama watoto. Hawakujua lugha. Waliokaa nao na kuwafundisha maneno, moja baada ya jingine, ni watu wa hapa. Krapf alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann alikaa Rabai miaka 29 bila kurudi kwao, akiandika maneno. Palikuwa na mtumwa mmoja, mtu wa Nyasa, jina lake Salimini. Rebmann alikaa naye akiandika maneno ya lugha yake, mpaka ikawa kamusi nzima, iliyochapishwa mwaka 1877. Fikirini, ndugu zangu. Mtu amechukuliwa kwao, ameuzwa, hana baba wala mama hapa. Lakini maneno ya mama yake aliyabeba kichwani, na leo yamo kitabuni.

Rebmann alipozeeka akawa karibu kipofu. Mwaka 1875 aliporudi Ulaya, aliyemshika mkono safari nzima ni kijana wa huku, Isaac Nyondo. Hapo Rabai jina lake limepewa shule ya msingi. Nilifurahi sana kuona jina lile. Maana mahali pengi mwaona majina ya waliokuja, hamwoni majina ya waliowashika mkono.

TULIYOYAONA

Tulianzia kwenye makumbusho, ambayo yanaitwa kwa jina la Krapf na yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Si jumba kubwa. Lakini mwenyeji wetu alikuwa mtu anayejua kueleza, na kwa kweli kueleza ndiko kunakojaza jumba. Karibu yake kuna nyumba walizokaa Krapf na Rebmann, na kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa katika miaka ya 1880.

Hapa naomba niseme jambo la ukweli. Kikundi chetu kina Wakristo na Waislamu. Tulipofika mlangoni mwa kanisa, mama mmoja Mwislamu akasimama nje. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini mwenyeji akamwambia, "Mama, karibu, hapa leo tunasoma habari za wazee wetu sote." Akaingia. Naye ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko sisi wote.

Baada ya hapo tulipelekwa kuelekea kayani. Wengi wetu tulidhani kaya ni pori tu la kutisha watoto. Kumbe ni mji. Wazee wanaeleza kwamba mababu walitoka kaskazini, Shungwaya, wakikimbia vita, wakajificha vilimani ndani ya misitu. Msitu ndio uliokuwa ukuta wao. Njia ya kuingilia ilikuwa moja au mbili tu, na katikati palikuwa na uwanja wa makao. Watu waliondoka polepole wakaenda kulima na kukaa nje, na kufikia miaka ya 1940 makaya yalikuwa hayakaliwi tena. Lakini wazee wakaendelea kuyalinda kwa sababu ni mahali pa makaburi na pa maombi yao.

Tuliambiwa tuingie kwa ruhusa, tuende mstari mmoja, tusivunje hata kijiti, tusipige picha mpaka tuambiwe. Hatukupelekwa kila mahali. Kuna sehemu ambazo si za wageni, na tuliheshimu hivyo. Kijana wetu mmoja akauliza, "Je, mtu akikata mti?" Mzee akajibu kwamba anatozwa faini, mnyama, na jambo lake linasikizwa mbele ya wazee. Kijana akasema, "Na asipolipa?" Mzee akacheka, akasema, "Atakaa na nani?"

Akina ndugu, nilitazama miti ile. Mingine haikumbatiwi na watu wawili. Nikatazama nje ya msitu, ambako mti ukifika unene wa mkono unakuwa makaa. Mvua ni ile ile, na udongo ni ule ule. Tofauti ni kwamba upande mmoja watu wana sheria wanayoijua wote na wanaifuata.

Serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa mahali pa urithi wa taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 shirika la UNESCO likayaingiza makaya ya Mijikenda, na ya Rabai yakiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Hiyo ndiyo orodha yenye Fort Jesus, iliyoingizwa mwaka 2011, na Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000. Lakini mwaka 2009 shirika lile lile likaziandika desturi za makaya katika orodha nyingine, ya mambo yaliyo hatarini kupotea. Kwa hivyo mti umepata heshima, lakini anayejua habari za mti anazeeka na vijana hawaketi naye.

KARATASI ZA UHURU

Sasa nafika mahali pagumu. Nilimwomba ruhusa mwenyewe kabla ya kusema, naye akasema, "Sema, lakini jina langu liache."

Mwenyeji alituambia habari za watumwa. Katika miaka ya 1870 na 1880 Rabai ilikuwa kimbilio. Waliotoroka kwenye mashamba ya pwani walikuwa wakipanda mlima usiku kwenda kujificha. Wengine walikuwa wameokolewa na manowari za Waingereza baharini. Mwaka 1875 CMS ilianzisha kijiji cha walioachwa huru huko Kisauni, kikaitwa Frere Town, na kengele yake ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni. Waliowasaidia watu hawa hawakuwa wazungu pekee. Walikuwako Waafrika waliochukuliwa watumwa wangali watoto, wakaokolewa, wakalelewa Bara Hindi, kisha wakarudishwa Afrika. Mmoja ni William Jones, aliyefika huku mwaka 1864, akawa mchungaji na mlezi wa watu wa Rabai miaka mingi.

Mwaka 1888 mambo yakachacha. Wenye watumwa walitaka watu wao warudishwe, na ikawa karibu damu imwagike. Ikafanywa suluhu. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishika nchi akakubali kuwalipa wenye watumwa. Na tarehe mosi Januari 1889, hapo Rabai, watu wakapewa karatasi za uhuru. Kwa Rabai na misheni nyingine waliokombolewa walikuwa zaidi ya 1,400. Utumwa wenyewe ukaja kufutwa na sheria huku pwani mwaka 1907.

Mwenyeji alipomaliza kusema, tukawa kimya. Ndipo mama mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima, ambaye tumekuwa naye katika mzunguko miaka kumi na moja, akasema kwa sauti ndogo: "Bibi yangu alikuwa akisema, sisi ni watu wa misheni. Nilikuwa nikimuuliza, misheni ni kabila gani? Akininyamazisha. Akiniambia, ukiulizwa sema wewe ni mtu wa hapa hapa."

Akalia. Nasi hatukujua la kusema. Kwa maana, ndugu zangu, tuseme ukweli. Hapa petu mtu akigombana na jirani bombani, neno la kwanza ni, "Wewe kwenu wapi? Huna kwenu." Twalisema kwa mzaha, twalisema kwa hasira, na hatujui linamwangukia nani. Yule mama alikuwa amelibeba neno hilo maisha yake yote, na sisi wenzake wa sanduku moja hatukujua.

Mzee wa Rabai aliyekuwa nasi ndiye aliyetutoa pale. Akamwambia, "Mama, bibi yako hakukosea. Wewe ni mtu wa hapa hapa. Waliokuja usiku wakiwa hawana kitu walipanda mlima huu huu. Wewe leo umepanda mchana."

Siku ile nilijua kwa nini tulitoa pesa za sanduku.

NDEGE IKIPITA

Tulikula chakula chini ya mti, kilichopikwa na akina mama wa pale pale. Tulikuwa tumewapa taarifa wiki moja mbele, na tuliwalipa. Tulipokuwa tukila, ndege ikapita juu, ikishuka kuja huku kwetu Airport. Vijana wakaanza kuikisia imetoka wapi.

Nikafikiri juu ya watu walio ndani yake. Wanaposhuka, gari linawangoja, wanapelekwa moja kwa moja pwani kwenye mahoteli, Diani au Nyali. Watalala mchangani siku kumi, warudi. Na wengi wao wanatoka nchi ambazo kutazama kijiji cha zamani ni jambo la kawaida. Nchini Uingereza, kwa mfano, kuna kijiji kimoja kiitwacho Lacock. Ni nyumba za zamani sana za mawe na mbao, na kanisa, na jumba kubwa lililokuwa nyumba ya watawa. Mwaka 1944 mwenye mali, bibi mmoja aitwaye Matilda Talbot, alikitoa karibu kijiji chote kwa chama cha kutunza urithi cha nchi ile, National Trust, ambacho kilianzishwa mwaka 1895. Watu wanaendelea kuishi humo, wanapanga nyumba, wanafua nguo, wanapeleka watoto shuleni. Wageni wanakuja kutazama, wanakunywa chai, wananunua vitu vidogo, na pesa zinasaidia kutengeneza mapaa.

Sisemi Rabai iwe Lacock. Nyumba zao ni za mawe, na urithi wetu mwingi uko kwenye miti na kwenye vinywa vya wazee. Nasema kwamba mgeni hadharau kijiji kwa kuwa ni kidogo au ni cha kale. Anayekidharau ni mwenyeji asiyejua habari zake.

Na hapa kwetu pwani mfano upo. Huko Kinondo, Kwale, watu wa kaya walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwapokea wageni kwa utaratibu wao wenyewe. Mgeni anafungwa kaniki nyeusi, anaongozwa na mwenyeji, anaonyeshwa miti ya dawa, anaambiwa lipi la kufanya na lipi la kuacha. Analipa, na faida inarudi kwa wenyeji. Msitu haukukatwa, na wazee hawakudharauliwa.

Lakini hadhari ni lazima. Mwajua habari za vigango, ile miti iliyochongwa ambayo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa. Vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara, vikaishia katika majumba ya Marekani. Viwili vilivyoibwa kwenye boma moja huko Kaloleni mwaka 1985 vilirudishwa mwaka 2007 tu, baada ya miaka ishirini na miwili. Na wanaoviiba mara nyingi hawatoki Marekani. Mara nyingi ni vijana wa huku huku, ambao kwao kigango ni kipande cha mti cha kuwapa pesa kidogo.

TULICHORUDI NACHO

Sasa mtaniuliza, mweka hazina, faida iko wapi? Nawajibu kwa ufupi.

Kwanza, tumenunua daftari kubwa. Kila mwanachama atasimulia habari za kwao: walitoka wapi, walifikaje hapa Airport, walikuta nini, nani alichimba kisima cha kwanza, nani alitoa kiwanja cha mkutano. Kijana mmoja anaandika, na mwenye habari anasomewa kabla ya kufungwa, ili asiandikiwe asilolisema. Yule mama wa misheni ndiye aliyeandikwa wa kwanza. Alitaka mwenyewe.

Pili, tumepitisha sheria kwamba katika kikundi chetu neno "huna kwenu" lina faini. Watu walicheka. Lakini mpaka sasa limetozwa mara mbili, na moja nililipa mimi.

Tatu, tumepanda miti kumi na tisa kando ya kiwanja, na tumeiga Rabai: kila mti una mwenyewe anayejulikana kwa jina. Imekufa minne. Wenye miti hiyo minne wamepewa mingine.

Viti bado hatujanunua. Sitawaficha. Tumechelewa miezi mitatu. Lakini tutavinunua, kwa maana watu sasa wanaleta michango bila kufuatwa nyumbani. Mtu akishajua anakaa na nani, hatoroki na deni.

MASHAURI KWA KIKUNDI KINACHOTAKA KWENDA

Andikeni mapema. Wapelekeeni taarifa watu wa makumbusho na wazee wa kaya, mseme ni wangapi na mwataka kuona nini. Msivamie.

Pangeni gharama wazi wazi mbele ya wote: gari, kiingilio, chakula, shukrani kwa wazee. Somesheni hesabu mkirudi, hata kama ni shilingi mia iliyobaki.

Vaeni nguo za heshima na viatu vya kutembelea. Chukueni maji ya kunywa, na taka zenu mrudi nazo.

Kuleni na kununua pale pale. Msibebe mikate kutoka mjini mkaacha akina mama wa kijiji wakiwatazama.

Chukueni wazee na vijana pamoja. Mkienda vijana watupu mtarudi na picha tu, nao wazee wakienda peke yao watarudi na hadithi zisizo na wa kuzirithi.

Na mkifika, ulizeni. Msione haya. Mwenyeji hufurahi kuulizwa.

Nimalizie hapo. Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza neno moja tu: na asiyejua mila hana hata cha kuacha. 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mahali gani pa kihistoria palipo karibu nasi ambapo hatujapata kupatembelea? Nani anajua habari zake?

2. Katika kijiji chetu kuna sheria gani ya zamani iliyolinda miti, maji au makaburi? Bado inafuatwa? Kama imeachwa, iliachwa lini na kwa nini?

3. Kuna maneno gani tunayoambiana kwa mzaha ambayo huenda yanamuumiza mwenzetu?

4. Wageni wakija kwetu kutazama, tungetaka waone nini, wasione nini, na faida igawanywe vipi?

5. Nani katika kikundi chetu ataanza kuandika daftari, na ataanza lini?